Kisa cha E171: unga mweupe uliopigwa marufuku bila kuthibitishwa kuwa ni sumu

Tarehe 7 Agosti 2022 kipindi cha mpito kilikwisha. Kuanzia hapo, katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, mtengenezaji wa peremende, chingamu, keki au supu ya unga hakuruhusiwa tena kuingiza sokoni shehena mpya yenye E171. Hiyo ni namba ya titani dioksaidi inapotumika kwenye chakula: unga mweupe pe ambao watu walikuwa wameula kihalali kwa zaidi ya miaka 50.

Uamuzi huo haukutokana na mlipuko wa ugonjwa. Hakuna mgonjwa aliyetajwa ndani yake, wala hakuna kiasi kilichowekwa kwamba mtu akikivuka anadhurika. Wataalamu walisema kwamba hawawezi tena kuuita unga huo salama, basi. Kwa anayetaka kuelewa hatari za chembe za nano sioni kisa kinachofundisha kuliko hiki, kwa sababu sheria ya chakula huiita kitu kwa jina lake la kikemia, na utumbo haujui majina. Unachokutana nacho ni chembe, na chembe ina ukubwa.

Weupe unatoka wapi

Titani dioksaidi haina ladha, haina lishe na haiyeyuki majini. Kazi yake ni kuurudisha mwanga. Inaupinda mwanga kuliko hata almasi, na chembe zake zikiwa na ukubwa wa nanomita 200 hadi 300 hivi, karibu nusu ya urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, huutawanya kwa nguvu kuliko zikiwa kubwa au ndogo zaidi ya hapo. Katika peremende ya rangi iliyotengenezwa kwa E171, ukiikata katikati utaona chini ya rangi ya juu utando mwembamba mweupe kama chokaa. Fundi rangi hupaka nyeupe kwanza ndipo apake rangi aliyoombwa. Wekundu wa peremende nao uling'aa kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe huhesabiwa kuwa ya nano ikiwa kati ya nanomita 1 na 100. Kwa hiyo waliotengeneza E171 hawakuwa wakiitafuta nano hata kidogo, maana chembe zikiwa ndogo kiasi hicho weupe hupotea. Ndiyo sababu losheni za kukinga jua hutumia za nano, ili zisionekane juu ya ngozi. Lakini hakuna kiwanda kinachotoa chembe zote zikiwa sawasawa. Zipo kubwa, zipo za wastani, na nyuma yake unafuata mkia wa ndogo ambazo hakuna aliyeziagiza. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliohesabu chembe za E171 kwa darubini ya elektroni walikuta kama 36 katika kila 100 zina upande usiofika nanomita 100. Sampuli iliyotumika baadaye Ufaransa ilikaribia 45.

Inafaa kukaa kidogo na hesabu hapa, kwani ubishi mwingi wa kisa hiki umejificha ndani yake. Chukua chembe moja ya nanomita 200 na nyingine ya 50. Kipenyo kimepungua mara 4, uzito umepungua mara 64. Sasa tuseme una gunia lenye idadi sawa ya chembe za aina hizo mbili. Nusu ya chembe zote ni za nano, lakini ukizitenga na kuziweka kwenye mizani hazifiki asilimia 2 ya uzito wa gunia. Anayepima kwa kilo ataapa kwamba nano haimo. Anayehesabu moja moja ataiona nusu nzima. Wote wawili wanasema kweli, na viwanda kwa miaka mingi vilipima kwa kilo.

Tangu Desemba 2014 sheria ya Ulaya ilitaka neno "nano" liandikwe kwenye orodha ya viambato, lakini ilizungumzia kitu kilichotengenezwa kwa makusudi kikiwa na ukubwa huo. Mkia haukukusudiwa. Fasili ya jumla iliyopendekezwa na Tume ya Ulaya mwaka 2011 nayo iliweka kizingiti cha nusu ya chembe kwa idadi, na E171 kwa kawaida ilikuwa chini ya mstari huo, wakati mwingine kwa kitambo kidogo tu. Viwango rasmi vya ubora wa E171 vilitaja risasi, aseniki na zebaki. Ukubwa wa chembe havikuugusa, hadi mwaka 2019 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliposhauri uongezwe.

Kilichokuwa kikionekana mapema

Marekani iliruhusu unga huu kwenye chakula mwaka 1966, usizidi asilimia 1 ya uzito. Mwaka 1969 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO haikuona haja ya kuuwekea kikomo cha ulaji kwa siku. Hoja ilikuwa nyepesi na kwa wakati ule ilieleweka: kisichoyeyuka hakinyonywi, kinaingia kwa mdomo na kutoka kwa njia ya kawaida.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 wataalamu wa kuchunguza tishu walikuwa wakiona kitu kwenye utumbo mwembamba wa watu wazima. Kwenye ukuta wa utumbo huo kuna mabaka ya kinga yaitwayo mabaka ya Peyer, ambako mwili huonja kinachopita ili ujue adui ni nani. Juu ya mabaka hayo zimo seli maalumu zinazochukua chembe kutoka ndani ya utumbo na kuzikabidhi kwa seli za kinga zilizo chini. Na chini kabisa, ndani ya seli zinazomeza uchafu, kulikuwa na vumbi jeusi limekaa. Lilipochunguzwa, sehemu yake ilikuwa titani dioksaidi. Unga mweupe ukitazamwa kwa mwanga unaotokea chini huonekana mweusi, kwa sababu unauzuia usipite.

Picha hiyo hainitoki akilini. Haithibitishi ugonjwa wowote. Inathibitisha kwamba "kinaingia na kutoka" haikuwa kweli yote.

Upande wa wafanyakazi wa viwandani, ukubwa ulikwisha kuheshimiwa. Mwaka 2006 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka titani dioksaidi katika kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na panya waliovuta vumbi lake. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza vikomo viwili vya vumbi hilo hewani: miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo kwa chembe za kawaida, miligramu 0.3 kwa chembe za nano. Dutu ni ileile na jina ni lilelile, lakini kikomo kimeshushwa mara 8 kwa ajili ya ukubwa peke yake. Kwenye sahani, mwaka huohuo wa 2011, E171 haikuwa na kikomo cha ukubwa chochote.

Panya wa Toulouse

Januari 2017 watafiti wa taasisi ya kilimo ya Ufaransa, INRA, mjini Toulouse, walichapisha jaribio lao. Walikuwa wamewapa panya E171 majini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kwa siku 100. Kipimo hicho hakikuwa cha ajabu. Makadirio ya Marekani ya mwaka 2012 yalikuwa miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku kwa watoto wa chini ya miaka 10, ambao hula zaidi ya watu wazima kwa sababu wana mwili mdogo na peremende nyingi.

Chembe zilionekana kwenye mabaka ya Peyer. Kinga ya utumbo iliyumba, uvimbe mdogomdogo wa mwasho, si wa saratani, ukajitokeza kwenye utumbo mpana, na karibu panya 4 kati ya kila 10 walikuwa na mabadiliko kwenye ukuta wa utumbo huo ambayo huweza kutangulia saratani. Nasema huweza. Panya wa Toulouse hawakupata saratani, na mengi kati ya mabadiliko ya aina hiyo hayafiki huko. Habari zilizosambaa zilisomwa na wengi kana kwamba unga wa peremende umethibitishwa kuleta saratani ya utumbo, na kwa maoni yangu kutia chumvi huko kuliwadhulumu hata watafiti wenyewe, kwa sababu waliokuwa na maslahi ya kupinga waliipinga chumvi hiyo badala ya kujibu matokeo.

Shirika la Ufaransa la usalama wa chakula, ANSES, liliyatazama matokeo hayo na kusema data za kumaliza mashaka hazipo. Aprili 2019 likarudia kwamba bado hazijapatikana. Serikali ya Ufaransa haikungoja. Kwa agizo la tarehe 17 Aprili 2019 ilisimamisha E171 kwenye chakula kuanzia 1 Januari 2020 kwa mwaka mmoja, kisha ikaongeza muda.

Bonge au chembe moja

Kwa nini wengine waliorudia jaribio hawakuona kitu? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa panya E171 iliyochanganywa kwenye chakula kikavu, kwa siku 100 vilevile, na haukukuta uvimbe wala mabadiliko hayo. Naamini jibu limo kwenye neno moja, nalo ni maji.

Chembe za titani dioksaidi hupenda kushikana. Ndani ya unga mkavu au chakula huwa mabonge, mara nyingi makubwa kuliko nanomita 100 kwa mbali sana. Mtafiti anayetaka kuzitawanya majini huzipiga kwa mawimbi ya sauti hadi mabonge yavunjike, na wakati mwingine huongeza protini ili yasirudiane. Panya anayekunywa maji hayo anapokea chembe nyingi zilizotengana. Panya anayetafuna chakula kikavu anapokea mabonge. Majaribio mawili yanabeba jina moja la kemikali, lakini kilichofika kwenye ukuta wa utumbo si kitu kimoja.

Wanaotetea E171 husema binadamu hali chembe zilizopigwa mawimbi maabara. Ni kweli. Lakini binadamu pia hali chakula cha panya. Ganda la peremende linayeyuka mate yakiligusa, na tumbo lina asidi, nyongo, mafuta na protini zinazoweza kuvunja bonge au kulizidisha. Yuko wapi mlaji wa kweli kati ya ncha hizo mbili? Hilo ndilo swali ambalo kila upande ulilijibu kwa kulipita.

Swali la bonge lilifika hata mahakamani, kwa njia ya pua badala ya mdomo. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliiorodhesha titani dioksaidi ya unga kuwa inashukiwa kusababisha saratani ikivutwa. Tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama Kuu ya Umoja huo ilibatilisha hatua hiyo, na Agosti 2025 mahakama ya juu zaidi ikakubaliana nayo. Kosa lililoonekana ni la hesabu: wataalamu walipokadiria jinsi mapafu ya panya yalivyojazwa, walitumia uzito wa chembe zilizotengana, ilhali bonge lina mapengo ndani yake, ni jepesi kwa ukubwa wake, na hujaza nafasi zaidi. Wengi waliisoma hukumu ile kama cheti cha usalama. Haikuwa hivyo, mahakama ilisema tu kwamba hesabu ilisahau bonge.

Mei 2021

Tarehe 6 Mei 2021 EFSA ilitoa tathmini mpya baada ya kuchambua machapisho karibu 12,000. Mwaka 2016 mamlaka hiyohiyo haikuona sababu ya hofu, na mwaka 2018 ilikataa kubadili kauli. Safari hii ilitumia mwongozo wake wa chembe za nano, na kuuliza mambo ambayo awali hayakuulizwa.

Sehemu ya matokeo ilikuwa ya faraja na lazima isemwe. Jaribio kubwa la panya waliolishwa E171 hadi miligramu 1,000 kwa kilo kwa siku, pamoja na watoto wao, halikuonyesha madhara kwenye uzazi wala ukuaji, na mabadiliko ya utumbo ya aina ya Toulouse hayakuonekana. Kiasi kinachonyonywa ni kidogo sana. Lakini kinachoingia hakitoki upesi, na mtu anayekula kila siku anaweza kujilimbikizia.

Kilichoamua ni vinasaba. Katika majaribio kadhaa chembe hizo zilionekana kuweza kukata nyuzi za DNA na kuharibu kromosomu. Kwa madhara mengine mtaalamu hutafuta kiasi kisicholeta dhara, anakigawa kwa 100, anapata kikomo. Kwa kudhuru vinasaba, bila kujua inavyotokea, huwezi kusema kuna kiasi kidogo kisicho na hatari, na kikomo hakiwekeki. Tena EFSA haikupata ukubwa wa mpaka ambao juu yake chembe haina neno. Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipofungwa: viwanda visingeweza kusema vitachuja mkia na kubaki na kubwa.

Nchi wanachama ziliunga mkono marufuku Oktoba 2021, na Kanuni 2022/63 ikatiwa saini tarehe 14 Januari 2022.

Wenye kukataa

Uingereza haikukubaliana na EFSA. Kanada haikukubaliana. Mamlaka ya chakula ya Australia na New Zealand ilifika kulekule, na mwaka 2023 kamati ya FAO na WHO ikarudia msimamo wake wa 1969 kwamba kikomo hakihitajiki. Hawa si watu wa kupuuzwa, na karatasi walizosoma kwa sehemu kubwa ni zilezile. Walichofanya ni kuyapa uzito majaribio ya chakula na kuyaweka kando mengi ya chembe zilizotawanywa maabara.

Mimi niko upande wa Ulaya, na sababu yangu haitoki maabara. Ukishapima shaka, weka upande wa pili wa mizani faida. E171 haihifadhi chakula kisioze wala haiui kijidudu, na haimpi mtoto hata chembe ya nguvu. Inang'arisha. Mlaji alibebeshwa shaka ya kudhurika vinasaba, hata kama ni ndogo, ili peremende ipendeze, na hakuulizwa. Kama unga huu ungekuwa unaokoa nafaka ghalani ningepima upya.

Ila nisingependa mtu aone kwamba kuondoa E171 kumemaliza kazi. Unga wa silika, E551, unaozuia chumvi na maziwa ya unga visigandamane, umeundwa na chembe za nano zilizoungana mabonge, na EFSA yenyewe ililisema hilo mwaka 2018.

Njia ya majitaka

Nyingi ya chembe zilizoliwa zilitoka, na kutoka si kutoweka. Mitambo ya kusafisha majitaka huzinasa kwa zaidi ya asilimia 90, lakini zinabaki kwenye tope, na tope hilo mahali pengi husambazwa mashambani kama mbolea. Chakula si chanzo kikuu. Rangi za nyumba hutumia titani dioksaidi nyingi kupita kiasi cha kulinganisha. Mwaka 2008 watafiti wa Uswisi walifuatilia chembe zake kutoka kuta zilizopakwa rangi, zikioshwa na mvua hadi kwenye kijito. Sheria ya 2022 haikugusa rangi.

Majini chembe hizi zikipigwa na jua huzalisha oksijeni kali inayoshambulia seli, na maabara zimeonyesha madhara kwa mwani na viumbe vidogo wanaoula, mara nyingi kwa viwango vinavyozidi vya mito. Ugumu ni kwamba titani ni elementi ya tisa kwa wingi kwenye gamba la dunia. Chukua kijiko cha udongo popote, imo. Kutofautisha chembe ya kiwandani na ya mwamba kunahitaji kuitazama moja moja, na kabla ya hapo hakuna anayeweza kusema mto fulani umebeba mzigo kiasi gani wa kutoka kwetu.

Vidonge

Kanuni ya 2022 iliacha mlango mmoja wazi. Dawa ziliruhusiwa kuendelea na unga huo kwa muda, na Tume ikatakiwa kulitazama upya suala hilo ndani ya miaka mitatu. Unapatikana kwenye makumi ya maelfu ya dawa barani Ulaya. Huko unafanya kazi nyingine: utando mwembamba juu ya kidonge huzuia mwanga usiharibu dawa iliyomo, na kila mbadala unataka utando mnene zaidi na majaribio mapya ya uthabiti, kidonge kwa kidonge.

Hapa mizani inageuka, na ninakubali igeuke. Anayekosa dawa yake ya moyo kwa mwezi mmoja, tunajua kinachomngoja. Anayemeza miligramu chache za unga mweupe pamoja nayo, tuna shaka. Lakini kiwango cha ukubwa kilichoshauriwa mwaka 2019 kwa ajili ya chakula hakina sababu ya kuishia mlangoni pa duka la dawa. Mgonjwa wa presha humeza kidonge kila siku kwa miaka 30, muda mrefu kuliko mtoto anavyopenda peremende, na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi lake inaitaja titani dioksaidi kwa jina tu, bila neno juu ya ukubwa wa chembe.